Bunduki Isiyo na Kidirisha

Jumatatu, 18 Juni 1956

Wamekuja watu wa sinema. Malori saba, magari mawili marefu, na choo cha kukokotwa. Mji wetu wa Kanab wote umetoka kuangalia kana kwamba hatujawahi kuona lori. Safari hii ni vita vya Kaskazini na Kusini, ngome imezingirwa, mwaka ni 1864. Mwongozaji ni Bwana Garrity, yule yule wa mwaka juzi, mwenye sauti ya mnadi wa ng'ombe. Wanawake wa kanisa watapika chakula cha mchana kama kawaida. Wanaume watakuwa askari, watakufa, watafufuka, watakufa tena. Na silaha zitatoka bandani kwangu.

Bandani zimo za kutosha. Kuna jambo moja tu, nalo si geni: bunduki zangu karibu zote ni Winchester za mwaka 1892. Nimezikodisha kwa vita vya 1864, kwa wachimba dhahabu wa 1849, na mara moja kwa maharamia — hilo sitaki kulizungumza. Hakuna aliyewahi kuuliza. Watu huenda sinema kuangalia farasi na busu.

Sasa wameuliza. Mwalimu wa shule huko Ohio aliandika gazetini kwamba katika filamu yao ya mwaka jana askari wanapigana kwa bunduki ambazo wajukuu wao ndio walikuja kuzinunua. Nchi nzima imecheka. Studio imeona haya, imeajiri mtaalamu wa silaha za kale. Anafika kesho kukagua kila kipande. Zisipopita, lori litaleta silaha kutoka Los Angeles, na hawatakuja kuniuliza tena, mwaka huu wala mwakani. Garrity alinieleza hayo kwa upole, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja matangani.

Banda hili aliliacha marehemu Orval, mume wangu. Mwaka wa tisa huu naliendesha. Nazijua bunduki zile moja moja, ipi inakwama, ipi inateguka wenzo ikishikwa na mtu mwenye haraka. Bila banda mimi ni mjane mwingine wa kukoroga maharage kwenye sufuria ya Dada Leona. Na maharage yangu watu wanayajua.

Mama ameuliza wakati wa chakula kama wa sinema wataitaka Henry, bunduki ya ukoo. Nikamwambia Henry haiendi popote. Iko pale pale juu ya kitanda chake, kwenye misumari miwili. Babu alikuja nayo huku kwa gari la ng'ombe mwaka 1865, na kila tarehe 24 Julai, siku ya waanzilishi, mkubwa wa ukoo huibeba mbele ya gwaride. Mkubwa ni Mama, miaka themanini na minne. Mwaka jana aliibeba kutoka posta hadi kanisani, akakataa nisiguse hata kitako. Zimebaki wiki tano.


Jumanne, 19 Juni

Mtaalamu amefika. Bwana Prescott Weems. Nilitarajia mzee wa ndevu na kovu la vita. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, tai shingoni kwenye joto hili, chupa ya kahawa kwapani. Kahawa! Mji huu ukitaka kahawa unamtafuta daktari wa farasi, kwa sababu yeye si wa kanisa letu, linaloikataza. Dada Leona alimwangalia akimimina kama anamwangalia mtu akivua suruali.

Ana adabu lakini. Alivua kofia, akaniita Bibi Tolman. Nikamuuliza ujuzi huu ameupata wapi. Akafungua albamu nene kama biblia ya mimbarini. Picha mia mbili na kumi na moja, kila moja na maelezo kwa wino mwekundu. Nikafunua. Nikafunua tena. Zote ni picha za sinema! Zimekatwa kwenye magazeti na matangazo ya filamu. Na ukurasa wa kumi na nne — Orval wangu. Amelala chini ya farasi, amekufa vizuri sana, filamu ya mwaka 1941, na kando yake bunduki ya bandani humu humu, moja ya zile alizozigeuza kwa mikono yake zifanane na Henry. Maelezo: "Henry ya 1860. Halisi."

Kwa hiyo mwalimu wake ni mume wangu. Nikafumba mdomo nusura niume ulimi.

Anataka Henry. Bila Henry, anasema, 1864 si 1864. Ninazo ngapi? Kumi na moja, nikasema. Mdomo huu! Halisi ninayo moja, na hiyo ina Mama chini yake.


Jumatano, 20 Juni

Siku nzima bandani na shemeji Delmont, mdogo wake Orval. Tumefanya kama Orval alivyokuwa akifanya. Unachukua Winchester ya 1892. Unatoa ubao wa chini ya mtutu, mtutu ubaki uchi. Kiwiliwili cha chuma unakipaka rangi ya shaba. Rangi yenyewe imebaki tangu nilipopaka kitanda cha wageni. Ukisimama hatua sita, Henry hiyo.

Ukisimama hatua moja, utaona kidirisha. Bunduki ya 1892 ina kidirisha ubavuni, ndipo risasi huingizwa. Henry haina. Henry hujazwa kwa mbele, kule karibu na mdomo, na ubavu wake ni laini kama shavu la mtoto. Kidirisha hakitoki. Tumekipaka rangi pamoja na vingine.

Tumepata kumi. Delmont akahesabu kwa kidole, akanitazama.

"Shemeji, uliahidi kumi na moja."

"Nitasema moja imevunjika."

"Au," akasema, "umtilie Weems ya Mama katikati. Tuone kama ataijua. Mimi nasema hataijua hata ikimng'ata."

Nikamwambia asinichezee. Akasema dau lake ni kuchota maji ya kuoshea bunduki mwezi mzima. Nikamwambia aende nyumbani kwake.


Alhamisi, 21 Juni

Nimeichukua. Mama alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, mdomo wazi. Nilipanda kitini bila viatu, mwanamke wa miaka hamsini na nane. Ni kwa siku moja tu. Nilitaka kujua. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.


Ijumaa, 22 Juni

Ah, siku hii!

Weems alipanga meza mbili bandani. Kioo cha kukuzia, futi, albamu wazi. Vikaratasi vya kufunga kwa uzi: kijani ni halisi, chekundu ni bandia. Delmont alisimama mlangoni, eti anafagia.

Ya kwanza, kijani. Ya pili, kijani. Kila moja aliilinganisha na picha, akanisomesha kama mtoto wa darasa la kwanza. "Tazama hapa, Bibi Tolman. Kidirisha cha ubavuni. Henry ya kweli lazima iwe nacho." Nikasema kumbe. Ya kumi, kijani, na rangi ya kitanda imemshika kidoleni, akajifuta kwenye suruali bila kuona.

Halafu akaishika ya Babu. Akaigeuza. Akapapasa ubavu, upande huu, upande ule. Uso ukaanza kumlegea kwa huruma.

"Hii wamesahau kidirisha," akasema taratibu.

"Wamesahau?"

"Fundi alikuwa na mkono mzuri, lakini hakusoma. Na hii shaba imechakazwa makusudi. Wanatumia siki." Akaninusisha. "Uliipata wapi?"

"Ni ya ukoo."

Akanipigapiga mkono. "Ndivyo wanavyoambiwa wote. Usione haya. Watu wakubwa kuliko wewe wametapeliwa." Akafunga kikaratasi chekundu, mafundo mawili.

Delmont aliacha ufagio akatoka. Nilimsikia nyuma ya banda akikohoa, na hana kifua yule.

Zote zimepita isipokuwa moja. Banda limepona! Nimetia saini, na silaha zote zimefungiwa kwenye lori la studio, ufunguo shingoni kwa Weems, zisichanganyike mpaka filamu iishe. Nikauliza, hata chekundu? Hata chekundu. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nimeshika mbavu.


Jumapili, 24 Juni

Delmont amesimulia. Kanisani kila aliyenipa mkono alikuwa na lake. Mmoja akaninong'oneza katikati ya sakramenti ya mkate na maji: "Dada Arvilla, nasikia mama yako kabeba bandia miaka yote hii." Askofu mwenyewe alikuwa amebana midomo mimbarini, na mahubiri yalihusu unyofu. Wote wanaijua Henry ile. Wameipigia makofi tangu utotoni. Na wote wako kwenye filamu, kwa hiyo wote wamefunga vinywa. Mji wa watu elfu na ushei umetunza siri moja, jambo ambalo halijatokea tangu ujengwe.

Asiyejua ni Mama tu. Alirudi kutoka kanisani akajilaza, akatazama juu.

"Misumari mitupu."

"Naitia mafuta, Mama. Ya gwaride."

"Mwezi mzima kabla?"

"Nataka ing'ae."

Akageukia ukuta. Ni heri angegomba.


Jumanne, 26 Juni

Wamepiga picha tangu alfajiri. Delmont ameuawa mara nne, mara moja na upande wake mwenyewe. Bunduki zangu za 1892 zimeonekana vizuri juu ya ukuta wa ngome, zinang'aa. Kwa rangi ya kitanda.

Mchana nikamfuata Weems. Nikasema ile chekundu haina faida kwake, basi anirudishie. Akafurahi kwamba nimeiulizia! Imepata kazi. Mwishoni mwa filamu, Rand Colby, yule nyota mwenye kidevu, anamnyang'anya adui yake wa mwisho bunduki, anaipiga kwenye jiwe mpaka inakuwa vipande, kuonyesha kwamba ameapa kutoua tena. Kamera itakuwa karibu kabisa, kwa hiyo haiwezi kuwa ya mbao. Garrity alitaka kuvunja moja ya zile kumi. Weems alikataa katakata. Alimwambia atalala yeye kwanza mbele ya kamera kuliko halisi ivunjwe.

"Ndipo nikaikumbuka bandia yako," akasema. "Itavunjwa, lakini itaonekana dunia nzima. Si kila bandia inapata bahati hiyo."

Tarehe 12 Julai. Siku kumi na mbili kabla ya gwaride.

Nilikaa chini juu ya ndoo. Haikuwa tupu.


Alhamisi, 28 Juni

Mchezea zuri, baya humfika. Mama amenilea kwa methali hiyo, leo naivaa kama nguo.

Nimewaza pande zote. Nikimwambia Weems ukweli kwamba nyekundu ndiyo halisi, papo hapo kumi za kijani zinageuka bandia. Wameshapiga picha nazo siku tatu. Itabidi warudie. Lori la Los Angeles litakuja, na jina langu litafutwa kwenye kila daftari la studio. Nisipomwambia, bunduki ya Babu itavunjwa kwenye jiwe na mtu mwenye poda usoni. Na Mama atanyoosha mikono tarehe 24, na mimi nitampa nini? Ufagio?

Delmont kasema nijaribu nusu ya ukweli. Haya. Nikamwambia Weems kwamba bandia au si bandia, mama yangu mzee ameizoea, ataumia. Kijana aliguswa. Macho yalimlowa, kweli. Akasema ataiandikia studio wamnunulie Mama Henry nyingine, halisi, yenye cheti.

Yenye kidirisha.

Nikashukuru. Ningefanya nini kingine?


Jumatano, 4 Julai

Sikukuu, hakuna kazi. Fataki, tikiti maji, watoto wameungua vidole. Mama alikuwa anakula tikiti, na bila kugeuka: "Siku ishirini." Akaendelea kula.


Ijumaa, 6 Julai

Nimepata. Nimepata! Wala si mara ya kwanza maji ya moto na sabuni kuniokoa.

Baruti ya risasi za sinema, zile za mlio tu, hula chuma. Bunduki isipooshwa siku hiyo hiyo kwa maji ya moto, wiki ijayo ina kutu mpaka rohoni. Kwa hiyo kila jioni naziosha mimi zote, hata ile chekundu, kwenye karai nyuma ya lori, na Weems hukaa kando na kahawa yake akizilinda. Hatoki. Hata haja hatoki.

Leo nilimwomba Dada Leona. Sikumweleza mengi, hakuuliza mengi. Alisimama jikoni akaita kwamba pai ya tufaha iko mezani na Ndugu Delmont anaitazama vibaya. Weems alinyanyuka. Sekunde ngapi? Arobaini. Nilifungua mafundo mawili, nikabadilisha vikaratasi: chekundu kwenye Winchester iliyochoka kuliko zote, kijani kwa Babu. Vidole vimelowa sabuni, uzi unateleza. Alipotokea na pai mdomoni nilikuwa nasugua na kuimba zaburi.

Sasa Colby avunje anavyotaka. Filamu ikiisha, halisi zote zinarudi bandani. Na ya Babu miongoni mwake. Leo nimekula mara mbili.


Jumatatu, 9 Julai

Amegundua.

Asubuhi hii Weems alizihesabu kwa albamu. Akaniita nyuma ya lori, sauti ya chini, uso mweupe. Nikadhani yamekwisha, nikawa tayari kusema yote, hata nikavuta pumzi. Akasema ametokea mtu mwenye roho mbaya, labda kibarua wa studio mwenye wivu, amebadilisha vikaratasi. Karibu halisi ivunjwe! Bahati yeye si mtu wa kutazama karatasi, yeye hutazama kidirisha.

Amerudisha kila kimoja mahali pake. Chekundu kwa Babu. Na kuanzia leo amekipiga muhuri wa lakiri.

"Usiogope, Bibi Tolman," akasema. "Maadamu nipo, mali yako halali haitaguswa."

Sijawahi kulindwa hivi maishani mwangu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu anayo macho, na anatazama sana, na ndiyo balaa yenyewe.

Delmont alitaka kucheka. Alipoona uso wangu akaacha. Akaenda kuchota maji bila kuambiwa.


Jumanne, 10 Julai

Kama hayakutosha. Garrity anatafuta mwanamke mzee wa kukaa barazani ngomeni, kwenye kiti cha kubembea, tukio la mwisho. Uso wenye historia, anasema. Mama kajipeleka mwenyewe! Kavaa kofia ya mama yake, kasimama mbele ya Garrity kama askari. Wamemchukua palepale.

Nikamwambia joto litamuua.

"Nimezaa watoto saba kwenye joto hili," akasema, "na wewe ulikuwa mzito kuliko wote."

Alhamisi. Atakaa hatua nne kutoka kwenye lile jiwe.


Jumatano, 11 Julai

Nimesimama mlangoni kwa Mama mara tatu. Mara ya tatu aliuliza kama nimegeuka pazia.

Kesho asubuhi namwambia Weems. Kabla ya uji. Liwalo na liwe.


Alhamisi, 12 Julai

Naandikia kwenye goti, chini ya kivuli cha lori. Kuna wingu. Watu wa sinema hawana la kufanya na wingu ila kulisubiri, kwa hiyo watu themanini wamesimama na silaha mkononi wakitazama juu. Vita vyote vimesimama kwa ajili ya wingu moja dogo.

Sikumwambia. Niandike ilivyokuwa. Nilimfuata saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa peke yake, ameiweka Henry mapajani, anaifuta kwa kitambaa. Kasema hata bandia istahiwe siku yake ya mwisho. Nikasema, Bwana Weems, nina jambo. Akasema na yeye analo, nimruhusu aanze. Jana Garrity amemwambia kwamba studio imependa. Filamu tatu zijazo zitapigwa huku, ukaguzi ni wake, na silaha zote kutoka bandani kwangu. Baba yake aliuza viatu, akamwambia albamu haiwezi kumlisha mtu. Hajawahi kukaa kwenye kazi moja zaidi ya miezi miwili. Alipofika hapo akafuta macho kwa kile kitambaa chenye mafuta. Ana alama nyeusi kwenye shavu mpaka sasa, hakuna aliyemwambia.

"Na lako?" akauliza.

Nikasema pai ya leo ni ya cheri.

Naona haya. Niandike hivyo hivyo. Kwanza nilitaka kucheka, halafu nilitaka kuokoa banda, na sasa banda limeokoka miaka mitatu na mimi nimekaa chini ya lori kama mwizi. Kijana huyu hana hatia. Alijifunza kwa Orval. Orval alidanganya vizuri mno, basi.

Mama yuko barazani, kofia imemkaa, kiti kinabembea. Wenyeji wote wamejipanga nyuma, kijivu na buluu. Delmont kafa tayari, yuko chini karibu na jiwe, lakini kafumbua jicho moja ananitazama. Dada Leona ameacha jikoni, kasimama na mwiko. Hakuna anayecheka. Wiki tatu wamecheka, leo hakuna.

Wameitoa sasa hivi. Weems kaileta mwenyewe, mikono miwili, kama anabeba keki. Imepita mbele ya Mama.

Mama kasimamisha kiti kwa mguu.

"Kijana," kamwita. Namsikia hadi huku, Mama hana sauti ndogo. "Hiyo risasi zinaingilia wapi?"

Weems kainama kwa heshima, akamweleza. Kwamba hapo ndipo penye kosa, bibi, ingekuwa halisi ingekuwa na kidirisha hapa ubavuni, hii ni bandia, asiwe na wasiwasi, ndiyo maana inavunjwa. Kampapasisha hata mahali penyewe. Mama kaweka kiganja kwenye shaba. Kakiacha pale. Muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mtu anayeonyeshwa kosa.

"Ahaa," kasema. "Asante, mwanangu. Una mafuta shavuni."

Halafu hakumtazama tena Weems, wala bunduki, wala Colby aliyekuja kuichukua. Kazungusha kichwa polepole, kwa askari, kwa malori, kwa magurudumu, mpaka kanipata hapa chini. Nimeinamisha uso kwenye daftari. Naandika ili nisimtazame. Nimemtazama.

Hana hasira. Ningependa awe nayo. Ananingoja, basi, kama alivyokuwa akiningoja nikiwa na miaka saba, sahani iliyovunjika iko nyuma ya mlango na yeye anauliza tu kama siku ilikuwa nzuri.

Kivuli kinaondoka kwenye jiwe. Garrity kapanda kiti chake. Colby kaishika kwa mtutu, anapima uzito, anasema ni nzito kwa bandia. Weems anacheka, anasema fundi alikuwa na mkono mzuri.

Jua limetoka. Garrity anaomba kimya. Kimya, kweli, mtu hakohoi.

Mama ameshika mikono ya kiti. Anainuka. Magoti yale huchukua muda, nayajua, mpaka asimame sawasawa mtu anaweza kutembea hatua ishirini. Kutoka hapa mpaka kwenye jiwe ni hatua ishirini. Naweka penseli.